How long? Mchezo wa ubao wa kumzoeza mwanafunzi kuuliza kwa Kiingereza

Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania amekwisha kujibu maswali mengi ya Kiingereza, lakini aliyoyauliza mwenyewe ni machache mno. Mwalimu huuliza, darasa hujibu, tena mara nyingi kwa sauti moja. Mtihani nao huuliza. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na bado kazi yake ni ileile ya kujibu. Matokeo yake yanaonekana siku anapokutana na mtu asiyejua Kiswahili: anajibu swali la kwanza vizuri, kisha wote wawili wananyamaza. Mazungumzo huendelezwa na anayeuliza, na huyu mtoto hajawahi kupewa nafasi hiyo.

Mchezo ninaoueleza hapa unampa nafasi hiyo mara nyingi ndani ya nusu saa. Unatengenezwa kwa karatasi na vizibo vya soda, na unashughulikia swali moja tu, la muda: "How long…?" Nimelichagua kwa sababu halikwepeki. Daktari huuliza "How long have you had this pain?" Mwajiri huuliza "How long did you work there?" Mtalii anayeshuka Arusha huuliza "How long does it take to get to Ngorongoro?" Hata mtihani wa IELTS, katika sehemu ya kwanza ya mazungumzo, hupenda kumwuliza mtahiniwa ameishi mji wake kwa muda gani. Pamoja na hayo, maneno hayo mawili yanabeba nyakati zote: jambo la kila siku, lililokwisha, linaloendelea na lijalo. Anayeyamudu amepata sehemu kubwa ya sarufi ya mazungumzo bila kukariri jedwali.

Tafuta karatasi moja ya manila, maka peni za rangi nne za kawaida, yaani nyeusi, bluu, nyekundu na kijani, na vizibo vinne vinavyotofautiana viwe kete. Chora njia inayojipinda ya visanduku 30, kama ya nyoka na ngazi. Unahitaji pia dadu. Wapo wazazi na walimu wasiopenda kuona dadu mbele ya watoto kwa sababu huzihusisha na kamari, na hilo liheshimiwe. Badala ya dadu, kata vipande sita vya karatasi, andika namba 1 hadi 6, vitie kwenye kikombe. Mchezaji anachomoa kimoja, anasogea, anakirudisha. Mchezo haupungukiwi kitu. Kwa njia ya visanduku 30, mchezaji hufika mwisho baada ya zamu nane au tisa hivi, kwa hiyo kundi la watu wanne huuliza maswali yapata 30 ya kwanza na mengine kama hayo ya nyongeza, ambayo nitayaeleza. Ni maswali mengi kuliko ambayo mtoto mmoja huyauliza darasani kwa muhula mzima.

Sasa njoo kwenye kazi yenyewe, ambayo ni kuandika ndani ya visanduku. Usiandike swali zima. Ukiandika "How long does it take to cook beans?", mtoto atasoma tu, na kusoma anakujua tayari. Andika maneno mawili matatu: "cook beans". Kwa wadogo, chora sufuria. Swali lenyewe alitunge mchezaji, na rangi ya wino imsaidie kujua ni la wakati gani.

Nyeusi iwe ya mambo ya kawaida, yale yanayochukua muda uleule leo na kesho: "How long does it take to…?" Jaza mambo ya hapo ulipo. Kupiga pasi sare ya shule. Kutembea kutoka nyumbani hadi shuleni. Boti ya kwenda Unguja kutoka Dar es Salaam. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo tangu ilipoanza mwaka 2024 imebadilisha kabisa jibu la swali hilo kwa waliozoea kukaa kwenye basi siku nzima. Kama shule iko Mbozi au Kagera, weka mche wa kahawa: mbuni huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na mtoto wa mkulima atajibu kwa kujiamini kuliko mwalimu. Weka na tembo, ambaye hubeba mimba kwa miezi 22. Jibu hilo huwashangaza watoto kila mara, na mtoto aliyeshangaa huuliza swali la pili bila kusukumwa.

Bluu iwe ya yaliyokwisha: "How long did…?" Hapa changanya ya nyumbani na ya historia. Jana ulisubiri daladala muda gani? Usiku ulilala muda gani? Umeme ulipokatika mara ya mwisho, ulikatika kwa muda gani? Kisha weka reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Weka Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwezi Februari 1974, rekodi iliyodumu hadi 1979: "How long did he hold the record?" Kwa darasa la Kenya, weka reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kuanzia 1896 hadi 1901, au Eliud Kipchoge na mbio zake za Vienna za mwaka 2019, alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Majibu ya visanduku vya namna hii yaandikwe kwenye karatasi ya pembeni, ifungwe, na mtu mmoja awe mtunzaji wake.

Nyekundu ni ya yanayoendelea, na ndiyo rangi ngumu kuliko zote: "How long have you…?" Umeishi hapa muda gani, umemjua rafiki yako muda gani, viatu hivyo umekuwa navyo muda gani. Kijani, ya yajayo, inahitaji visanduku vichache tu: utakaa kwa bibi muda gani likizo ijayo, utakuwa sokoni muda gani. Wanafunzi wengi hawasumbuki na "How long will you stay?"

Kwa kundi linaloanza, tumia nyeusi na bluu peke yake wiki ya kwanza. Nyekundu ingia nayo baadaye, ikiwa mbili hizo zimekaa mdomoni.

Zamu moja huenda hivi. Mwenye kizibo cha kijani amechomoa 4, amesogea, ametua kwenye kisanduku cheusi cha "cook beans". Anamgeukia aliye kulia kwake.

"How long does it take to cook beans?"

"Two hours."

Katika michezo mingi ya darasani zamu ingeishia hapo, na hapo ndipo faida hupotea. Katika mchezo huu kete ya kijani haijapata haki ya kubaki ilipo. Lazima mwenye kete aulize swali la pili linalotokana na jibu alilopewa.

"Two hours! Do you use charcoal?"

"Yes, charcoal. But my grandmother soaks them at night. Then one hour."

Sasa zamu imekwisha. Angalia kilichotokea: aliyejibu kwa maneno mawili ametoa sentensi tatu, na hakuna aliyemwamuru atoe jibu refu. Bibi na maharage yake wameingia kwenye mazungumzo. Swali la pili ndilo linalobadilisha zoezi kuwa maongezi, na kama una muda wa kusimamia kanuni moja tu, simamia hiyo. Wasioweza kulitunga mwanzoni waandikie msaada kwenye kona ya ubao: "Why so long?", "Is that all?", "Who with?", "And before that?" Baada ya michezo michache wengi wao hawataitazama kona hiyo tena.

Kuhusu jibu, walimu wengi wamezoea kudai sentensi nzima: "It takes two hours to cook beans." Sikubaliani na desturi hiyo kwenye mchezo huu. Wenye lugha yao husema "About two hours," wakaendelea na habari nyingine. Dai ukamilifu kwenye swali, kwa maana swali ndilo tunalolijenga. Jibu liache liwe fupi, mradi limfae anayeuliza.

Makosa yatakayojitokeza yanafahamika mapema, kwa sababu mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. La kwanza ni "I use two hours to come to school." Sisi husema natumia saa mbili kufika, Kiingereza hapo hutaka "It takes me two hours." Usieleze sana. Kila linapotokea, kundi lirudie pamoja "It takes me" mara moja, kisha mchezo uendelee.

La pili ni "I am living here since 2019." Kiswahili kinaruhusu kusema naishi hapa tangu 2019, na kitenzi kikabaki cha wakati uliopo. Kiingereza hakiruhusu. Jambo likiwa lilianza zamani na bado linaendelea, lazima iingie "have" au "has": "I have lived here since 2019." Njia nyepesi ya kumwonyesha mwanafunzi ni kuweka visanduku viwili jirani, kimoja cha bluu na kimoja chekundu, vyote vimeandikwa "live in Tanga". Anayetua kwenye bluu anamwuliza mtu aliyekwisha kuhama Tanga: "How long did you live in Tanga?" Anayetua kwenye nyekundu anamwuliza ambaye bado yuko huko: "How long have you lived in Tanga?" Uliishi na umeishi. Tofauti hiyo anayo tayari kwenye -li- na -me-, inabaki kumwonyesha kwamba hapa itamsaidia.

La tatu ni kuchanganya "for" na "since", hasa "since three years". Vitabu hueleza kirefu. Mimi naona kipimo cha Kiswahili kinatosha. Kama jibu linafaa swali la lini, tumia "since": tangu lini? Since Monday, since January, since I was a child. Kama linafaa swali la ngapi, tumia "for": siku ngapi? For three days. Miaka mingapi? For ten years. Mtoto wa darasa la tano hulishika hili kwa dakika chache.

Kosa la nne ni la saa, na halionekani upesi kwa sababu sarufi yake huwa sahihi kabisa. Ni saa nne asubuhi, mchezaji ameulizwa "How long have you been at school today?" Anajibu bila wasiwasi: "Since one o'clock." Anamaanisha saa moja asubuhi, alipoingia getini. Anayesikiliza kwa Kiingereza ataelewa saa saba mchana au saa saba usiku, na vyote haviwezekani. Kwa mtoto ni kosa dogo. Kwa mhudumu wa hoteli anayemwambia mgeni gari litaondoka "at two o'clock" ni safari iliyoharibika. Kwa hiyo weka angalau visanduku vitatu vinavyolazimisha kutaja saa ya kuanzia, na mwanzoni mruhusu mchezaji ageuze kwa vidole: ongeza sita au toa sita. Saa moja ni "seven", saa mbili ni "eight", saa nane ni "two". Ukiacha jambo hili lisahihishwe na maisha, litasahihishwa kwa gharama.

Matamshi nayo yana sehemu moja ya kuangaliwa. Neno "long" huishia kwa sauti ya ng' kama kwenye ng'ombe, wala halina g nzito kama kwenye ngoma. Wengi wetu hutamka "longi" au "longa" hasa linapofuatwa na irabu, kama katika "How long is it?" Mwambie mtoto aanze kusema ng'ombe kisha aishie njiani. Atacheka, na ataipata.

Mchezaji akikosea swali afanywe nini? Kanuni iliyozoeleka ni kumrudisha nyuma visanduku viwili. Naomba uiache. Anayerudishwa nyuma kwa kujaribu hujifunza kusema kidogo iwezekanavyo, na huyo ndiye tuliyetaka kumfungua mdomo. Badala yake, kundi limsaidie, alirudie swali likiwa limenyooka, kete ibaki pale ilipo. Anayestahili kurudi nyuma ni yule aliyekataa kuuliza swali la pili.

Na mtu akitumbukiza Kiswahili asiadhibiwe. Shule nyingi za Afrika Mashariki zimewahi kuwa na kibao au kitu kingine cha kuvalishwa mtoto aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza aibu hiyo katika kitabu chake cha 1986, *Decolonising the Mind*, kama alivyoiona Kenya ya ukoloni. Aibu ile ilifanikiwa kuwafanya watoto wanyamaze, na hakuna lugha inayofunzwa kwa kunyamaza. Mtoto akikwama, aulize neno kwa Kiswahili, apewe, alitumie papo hapo. Wakigombania nani kapita zamu kwa Kiswahili, waache. Ugomvi wao unaonyesha kwamba mchezo umewashika.

Kuna visanduku visivyofaa kuwekwa hata kama vimo kwenye vitabu vya wageni. "How long have your parents been married?" ni mfano. Darasani wamo waliofiwa, wamo wanaolelewa na shangazi au babu, na mchezo si mahali pa kuwaumbua. Vivyo hivyo maswali ya ugonjwa wa muda mrefu. Kila mchezaji awe na ruhusa ya kusema "Pass" mara mbili bila kutoa sababu.

Weka pia visanduku vitatu au vinne vya vitendo, kwa kuwa watoto huchoka kukaa. "Stand on one leg." Anayetua humwuliza jirani "How long can you stand on one leg?", jirani hukadiria, "Forty seconds," kisha husimama kweli huku mwenzake akipima kwa saa ya simu au kwa kuhesabu. Anayeuliza hutangaza matokeo: "You stood for twenty-six seconds." Bila kuambiwa, ametumia wakati uliopita.

Kwenye darasa la wanafunzi 70 karatasi moja haitoshi, na huenda mwalimu hana fedha ya manila kumi na nane. Kila dawati lichore njia yake fupi ya visanduku 20 kwenye karatasi iliyotolewa katikati ya daftari. Mwalimu aandike maneno ya visanduku ubaoni, yenye namba, na kila kundi linakili. Kokoto na punje za mahindi ni kete nzuri tu. Kama kuna uwanja wenye kivuli, chora njia kubwa kwa fimbo mchangani na wanafunzi wenyewe wawe kete. Walio pembeni ndio wanaoulizwa. Tenga dakika 10 za kueleza na kuonyesha zamu mbili, dakika 25 za kucheza, na zinazobaki za kipindi cha dakika 40 zitumie kwa makosa mawili uliyoyasikia mara nyingi zaidi. Mawili yanatosha. Wakati wa mchezo usikatize kundi lolote. Tembea na kalamu, sikiliza, andika.

Mzazi mwenye Kiingereza cha kubabaisha asijitoe. Achukue nafasi ya kuulizwa, ajibu kwa namba tu kama ndizo anazozijua: "Ten minutes." Mtoto ndiye atakayefanya kazi nzito.

Watu wazima nao wanacheza, ilimradi visanduku viwe vyao. Kwa waongoza watalii andika kupanda Kilimanjaro, ambako wageni wengi huchukua siku tano hadi tisa kulingana na njia, na kisanduku chekundu cha "be a guide", kwa kuwa hilo ni swali ambalo kila mgeni huliuliza kabla ya gari kufika lango la hifadhi. Kwa wauguzi weka "have this cough", "take this medicine", "wait for the results". Kwa anayejiandaa na usaili wa kazi weka kazi zake za zamani kwa bluu na ya sasa kwa nyekundu, kisha mwenzake amwulize bila mpangilio, maana msaili hafuati mpangilio wa wasifu.

Badilisha maneno ya visanduku kila baada ya michezo mitatu au minne, la sivyo watu wataanza kukariri majibu. Ukiona wachezaji wanauliza swali la pili, la tatu na la nne hadi wanasahau zamu ya nani, chora ubao mpya wenye "How often…?" kwenye nyeusi na "How far…?" kwenye bluu, na uyachanganye na "How long…?" kwenye nyekundu. Kutofautisha mara ngapi, umbali gani na muda gani huwapa shida hata waliofika kidato cha nne, na vizibo ni vilevile.